Kubadilisha Mchanga wa Tangi la Matumbawe: Mafunzo Niliyopata

Mtu akiniuliza hatari ya kubadilisha mchanga wa tangi la matumbawe iko wapi, namwambia haiko kwenye mchanga mpya. Mpya ukioshwa vizuri hauna neno. Hatari iko kwenye wa zamani, na hasa katika namna unavyotoka. Uchafu uliofungika chini kwa miaka ukichanganyika na maji kwa mpigo mmoja, viumbe wa tangini hawana pa kukimbilia.

Tangi langu liko sebuleni, hapa Mombasa. Urefu wake ni sentimita 120, upana 60, kimo 55, na ukitoa mawe na mchanga hubaki maji kama lita 320. Mchanga ulikuwa na kina cha sentimita 6 na ulikuwa umekaa miaka minane. Ndani yake wanaishi kangaja mmoja, vifuu kadhaa, samaki mdogo mwenye kichwa cha manjano na mwili wa rangi ya damu ya mzee ambaye vitabu humwita Halichoeres iridis, na matumbawe magumu na laini ambayo mengine nimeyalea tangu yakiwa vipande vya ukubwa wa kidole. Viumbe hawa nawapenda. Yote ninayoyaeleza hapa yametokana na kutaka kazi ikamilike bila hata mmoja wao kudhurika.

1. Uliza kwanza kama mchanga unastahili kutoka

Mchanga kuchafuka juu si sababu ya kuung'oa. Ule utando mwekundu unaotanda juu ya punje mara nyingi huletwa na mkondo dhaifu wa maji au chakula kingi, na ukitia mchanga mpya bila kurekebisha hayo utarudi palepale. Nilianza kwa kusogeza pampu za mawimbi na kupunguza chakula, nikangoja. Utando ukapungua.

Lakini fosfati haikushuka. Maji safi ya miambani kwa kawaida huwa na fosfati chini ya miligramu 0.03 kwa lita. Yangu yalikaa kwenye 0.2, na kila nilipoyapitisha kwenye chembe za oksidi ya chuma, ambazo huinyonya fosfati, yalishuka kidogo kisha yakapanda tena baada ya siku chache. Kuna kitu kilikuwa kinairudisha. Mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kabonati, na uso wa kila punje hushika fosfati maji yanapokuwa nayo nyingi, kisha huiachia maji yanaposafika. Kwa hiyo mchanga uliokunywa fosfati kwa miaka minane huendelea kuitoa hata kama umeacha kabisa kulisha ovyo.

Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha jambo hili, nami nakipendekeza kwa kila mtu kabla hajagusa mpira wa kunyonyea mchanga. Chota kikombe cha mchanga kutoka chini, usuuze kwa upole, uweke kwenye chombo chenye maji mapya ya bahari ambayo umeshayapima, kisha pima tena kesho yake. Kwangu, maji yaliyoingia yakiwa na fosfati karibu na sufuri yalitoka yakisoma zaidi ya 0.2. Juu ya hayo, sehemu za nyuma zilikuwa zimegandana zikawa mabonge magumu ambayo hata konokono hapenyi. Hapo niliamua.

2. Fahamu kinachoishi kila tabaka

Sentimita ya juu ya mchanga ina oksijeni. Humo bakteria hugeuza amonia, inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti kisha nitrati. Ukishuka, oksijeni hupungua, na bakteria wa huko hupumua nitrati badala yake na kuigeuza gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda ikatoka hewani. Chini zaidi, ambako hata nitrati imekwisha, wapo wanaotumia salfati, na maji ya bahari yana salfati kwa wingi. Hao ndio wanaotoa salfaidi ya hidrojeni. Ikikutana na chuma, mchanga hugeuka mweusi. Mabaka meusi unayoyaona kupitia kioo, na ile harufu ya yai viza, ni kazi yao.

Utaratibu huu si ugonjwa. Umo kwenye kila tope la mikoko kuanzia Vanga hadi Lamu, na tangini unaweza kuwa wa manufaa makubwa. Mwanasayansi Jean Jaubert, aliyefanya kazi Nice na Monaco, alijenga mfumo mzima juu ya elimu hiyo: mchanga mnene umelazwa juu ya nafasi ya maji yaliyotulia chini ya tangi, na nitrati huondoka bila mitambo mikubwa. Marekani, Ron Shimek naye alitetea mchanga wa kina cha sentimita 10 na zaidi, wenye minyoo na wadudu tele wa kuufukua mchana na usiku. Wote wawili walikuwa na hoja, na mtu mwenye mchanga wa namna hiyo ulio hai asiuguse.

Wangu ulikuwa katikati. Sentimita 6 hazitoshi kuondoa nitrati kwa uhakika, tena ni nyingi mno kusafishika kwa mpira kila wiki, na minyoo iliyokuwa ikiufukua ilishapungua sana. Uchafu uliingia na haukuwa na wa kuula.

Mchanga kama huo ukiupekua wote kwa pamoja, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Salfaidi na amonia huingia majini, na taka iliyokosa oksijeni kwa miaka huanza kuinyonya ile oksijeni ya maji. Samaki hudhurika kwa sumu na kwa kukosa pumzi, na mara nyingi mwenye tangi hawezi kujua kipi kilitangulia. Amonia ina uzito wake wa pekee katika maji ya bahari. Kwa pH ya 8.2, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika ile hali yenye sumu kuliko katika maji baridi yenye pH ya chini.

3. Chagua majira ya kazi

Ushauri mwingi wa kazi hii umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao wasiwasi wao ni maji kupoa. Sisi wa pwani wasiwasi wetu ni joto. Machi, kaskazi inapokwisha, bahari yetu hukaribia nyuzi 30 na tangi lisilo na feni hupita hapo. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na matumbawe yaliyokwisha kuchoka kwa joto hayana nguvu ya kustahimili vumbi na mabadiliko. Waliokuwepo mwaka 1998 wanakumbuka El Niño ilivyopausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya. Sioni sababu ya kuyatwisha ya tangini mizigo miwili kwa pamoja.

Kwa upande mwingine, kusi ikivuma kwa nguvu maji huwa baridi na mazuri lakini bahari imechafuka, na mimi natumia maji ya bahari yenyewe. Masika nayo huteremsha maji ya mvua, udongo na taka za mji hadi kwenye vijito vya Tudor na Mtwapa. Niliona wakati bora ni demani, kusi ikiwa imeanza kutulia, joto bado halijapanda, na vuli bado. Maji niliyachota bamvua, yakiwa yanajaa, kwa sababu hapo maji ya nje huvuka mwamba yakaingia ndani. Niliyachota mbali na mdomo wa kijito chochote.

Yakae kwanza. Niliyaweka kwenye mapipa yenye vifuniko, gizani, na jiwe la hewa likibubujika ndani, tope likatua. Kisha niliyapima chumvi: gramu 35 kwa kila kilo ya maji, uzito linganifu 1.026. Yakizidi kidogo, ongeza maji yaliyochujwa, lakini maji ya kisima cha Mombasa yasikaribie, maana mengi yana chumvi zisizojulikana na fosfati juu yake. Uwe na maji mapya zaidi ya unayodhani utayahitaji. Siku ya kazi likitokea jambo, pipa lililojaa ndilo msaada ulio karibu kuliko wote.

4. Mawe yakae juu ya kioo

Hili ni fupi lakini linaweza kuvunja tangi. Mawe yakiwa yamesimama juu ya mchanga, ukiutoa yatatitia, yatayumba, na jiwe la kilo 10 likidondoka dhidi ya kioo hakuna cha kuzungumza tena. Ingiza vidole taratibu chini ya kila jiwe na uhakikishe limekalia kioo au kiegemeo. Lisilokalia, liache na mchanga wake au litoe kwanza. Kwangu yalikuwa kwenye kioo tangu mwanzo, na nilishukuru.

5. Toa kwa mafungu, na maji yake yasirudi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ipo njia ya kuwahamisha samaki na matumbawe wote kwenye mapipa, kumimina kila kitu, na kuanza upya kwa siku moja. Inafaa kwa tangi dogo, au kwa anayehama nyumba. Kwa tangi kama langu niliona afadhali mafungu matano, fungu moja kila wiki, pamoja na ile kazi ya kawaida ya kubadilisha maji. Bakteria wengi wanaosafisha maji wamo ndani ya mawe, lakini waliomo mchangani si wachache, na ukiwaondoa kwa mafungu wale wa kwenye mawe hupata nafasi ya kuongezeka na kuziba pengo.

Zima pampu za mawimbi ili vumbi lisisambae. Kichuja povu kiendelee, na jiwe la hewa liongezwe, kwa maana mkondo ukisimama oksijeni hupungua upesi. Kama una kipasha joto, kizime kabla maji hayajashuka, kwani kikibaki wazi kikiwa cha moto kioo chake hupasuka.

Nilitumia mpira wa inchi moja. Mwembamba huziba kwa mchanga. Huu hauzibi ila unakwenda mbio, na ndoo ya lita 20 hujaa kabla hujageuka, kwa hiyo kidole gumba hukaa kwenye mdomo wa chini kuuzuia na kuuachia. Mdomo wa juu unauteremsha wima hadi ndani ya mchanga, bila kufukua na bila kuburuta. Ukiushika hivyo, punje hupanda ndani ya mpira na lile wingu la kahawia hupanda nazo. Linaingia mpirani badala ya kupanda tangini. Ukifika kwenye baka jeusi mkono hutaka kukwepa. Usikwepe. Uache mdomo palepale, uone weusi unapanda, kisha kijivu, kisha kioo kitupu, ndipo usogee upana wa vidole viwili na kuanza tena.

Tatizo ni ukingo. Ukimaliza fungu moja, mchanga wa pili huanza kuporomoka kuelekea uwazi, na wingu linatokea upya. Nilikata kipande cha akriliki chenye kimo cha sentimita 10 nikakichomeka kama ukuta kati ya fungu nililokuwa nikilitoa na lile la jirani, kisha nikakiacha pale hadi wiki inayofuata. Sijaona chombo kingine cha bei ndogo kilichofanya kazi kubwa hivyo.

Maji yaliyotoka na mchanga yamwagwe. Wapo wanaoyapitisha kwenye mfuko wa kitambaa na kuyarudisha ili kuokoa maji ya bahari, na naelewa kwa nini, kwa mtu anayenunua chumvi ya pakiti kwa bei kubwa. Lakini kitambaa hushika vumbi tu. Fosfati na amonia zilizoyeyuka hupita, na hizo ndizo tulizozifuata.

6. Wanaolala mchangani wana saa zao

Yule Halichoeres hulala ndani ya mchanga. Jioni, taa zikiwa bado hazijazimwa, hujichimbia akatoweka, na asubuhi hutoka taa zikiwa zimewaka kwa muda. Mpira ukishushwa juu yake akiwa ndani, anaweza kukwaruzika vibaya au kubanwa mdomoni mwa mpira.

Kwa hiyo kazi haikuanza hadi aonekane. Siku moja kila kitu kilikuwa tayari, ndoo zimepangwa, na binti yangu aliyekuwa akinisaidia akainama mbele ya kioo akasema, "Baba, yule mwekundu hajatoka." Nikamwambia, "Basi tungoje, mwanangu." Tukakaa. Kwenye pembe ya kushoto punje zikatikisika, kikatokea kichwa cha manjano chenye mistari ya buluu, jicho likazunguka huku na huku kwa muda mrefu, kisha mwili wote ukachomoka kwa mkupuo mmoja. Ndipo nikazima pampu.

Pembe yake niliiacha fungu la mwisho. Mchanga mpya uliwekwa kwanza upande wa pili, na siku chache baadaye nilimkuta jioni akiuzunguka, akiugusa kwa mdomo, hatimaye akajizika humo. Ile pembe ya zamani haikuwa tena na mwenyewe.

Konokono wanaojizika na kuacha mrija tu nje ni rahisi zaidi. Weka kipande cha nyama ya kamba kwenye kisahani juu ya mchanga, na baada ya dakika chache watakuwa wamefufuka kila upande wakikikimbilia. Wachukue kwa mkono, waweke upande mpya.

Walionipa kazi ni kamba mdogo anayepiga mlio kwa gando lake, na samaki anayeishi naye shimo moja. Kamba huchimba na macho yake hayaoni mbali. Samaki husimama mlangoni. Papasi ya kamba haiachi mwili wa samaki, na samaki akitikisa mkia tu, kamba anarudi ndani. Ukilibomoa shimo lao, kamba anaweza kuliwa kabla hajapata jingine. Niliwaachia kisiwa cha mchanga wa zamani upana wa sahani, nikaweka mchanga mpya pembezoni pamoja na vipande vya matumbawe mafu na maganda ya chaza, kwa kuwa punje tupu haziwezi kushikilia dari la shimo. Walihama wenyewe. Kuwaona wakibeba ganda baada ya ganda kwenda kujenga upya kulinifurahisha kuliko maji kutakata.

7. Pima mchanga kwa siki, na uache wa ufukweni ufukweni

Tone la siki juu ya mchanga mkavu litakuambia habari yake. Wa matumbawe hutoa povu. Wa mawe ya bara hautoi. Tofauti hii inaonekana hata kando ya bahari yetu: mchanga wa Malindi kwa sehemu kubwa huletwa na Mto Sabaki kutoka bara, ilhali ule mweupe wa Diani umetoka miambani, na sehemu yake imepita tumboni mwa pono, anayeguguna mwamba na kuutoa ukiwa unga.

Rafiki zangu huniuliza kwa nini nisizoe tu ufukweni. Kwanza, fukwe zetu zinaliwa na bahari mwaka baada ya mwaka, na kasa hutaga humo. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaozipunguza. Ndani ya mbuga za taifa za bahari kuchukua chochote ni marufuku, na nje yake uchimbaji wa mchanga una sheria zake. Pili, mchanga wa karibu na mji huja na mafuta, plastiki na mengine usiyoyaona. Niliagiza mchanga mkavu wa aragoniti kupitia mpwa wangu wa Dubai, ukaja kwa kago ya meli. Kwa sakafu kama yangu, yenye kina kipya cha sentimita 4 hadi 5, hesabu ilikuwa kama kilo 50.

Ukubwa wa punje una uzito zaidi kuliko jina lililoandikwa kwenye mfuko. Laini sana hupeperushwa na pampu, ukaishia juu ya matumbawe. Za zaidi ya milimita 3 huacha mianya ambamo taka huzama na kukaa. Milimita 1 hadi 2 zilitosha kukaa chini bila kupeperuka, na bado samaki anaweza kujizika.

8. Uoshe, kisha uuteremshe kwa paipu

Osha kidogo kidogo kwenye beseni, ukikoroga kwa mkono na kumwaga, hadi maji yatoke bila weupe. Huchosha mgongo. Maji ya bomba yanatosha kwa kazi hii, ila suuzo la mwisho liwe la maji ya bahari.

Kuuweka, nilichukua paipu ya plastiki ya inchi mbili inayofika sakafuni, na juu yake nikafunga faneli niliyoikata kutoka kwenye mtungi mtupu. Mchanga uliolowa unamiminwa kikombe kimoja kimoja, unashuka ndani ya paipu, na unatoka chini bila kupita kwenye maji ya wazi. Iinue paipu kidogo, sogea, endelea. Maji bado yatakuwa na ukungu kwa siku moja au mbili. Pamba ya kichujio ibadilishwe mara kwa mara, na matumbawe yaliyofunikwa yapulizwe kwa bomba dogo la jikoni la kumiminia mchuzi. Mengi yatatoa ute na kujisafisha yenyewe.

Katika kila fungu nilirudisha kikombe kimoja cha mchanga wa zamani wa juu kabisa, ulio safi na uliosuuzwa kwa maji ya bahari, ili minyoo na wadudu wadogo wapate mbegu.

9. Mikono

Vaa glavu ndefu. Minyoo ya mchangani ina manyoya yanayochoma, matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yanaweza kuwa na sumu kali sana, na kidonda kikiingiwa na bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huchukua miezi kupona. Wala usianzishe mpira kwa kunyonya na mdomo.

10. Baada ya mchanga mpya, angalia kilichopungua

Watu hupima amonia, na ni sawa. Nilipima kila siku katika juma la kwanza la kila fungu, nikapunguza chakula, na sikuongeza samaki hata mmoja. Lakini jambo lisilotazamwa sana ni upungufu. Uso mpya wa aragoniti huvuta fosfati kutoka majini kwa nguvu. Fosfati yangu ilishuka fungu baada ya fungu, na kama ningeziacha zile chembe za oksidi ya chuma ziendelee kunyonya, ingefika sufuri. Tangi likikosa fosfati na nitrati kabisa, matumbawe hupauka kwa njaa, na mara nyingi hutokea vijiumbe vya dinoflajelati, utando wa kahawia wenye mapovu ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Niliziondoa chembe hizo baada ya fungu la pili, nikaiacha fosfati itulie karibu na 0.05.

Ualkali pia hushuka kidogo, kwa kuwa punje mpya huvuta kalsiamu na kabonati. Wangu ulitoka 8.5 dKH ukafika 7.9, nikaurudisha polepole. Kuna imani kwamba mchanga wa matumbawe hupandisha pH na ualkali wa tangi. Kwa pH ya 8 na zaidi mchanga huo hauyeyuki, na anayeutegemea kulisha matumbawe yake atayaona yakisimama kukua.

Rangi ya kahawia iliyotanda juu ya mchanga mpya katika wiki za mwanzo ni mwani unaotumia silika. Silika ikiisha, hutoweka. Konokono wataula, wewe usiufukue.

11. Mchanga uliotoka usirudi baharini

Tangi linaweza kuwa na magonjwa, mwani na wadudu waliotoka pande nyingine za dunia, na bahari yetu haina haja nao. Niliuanika wa kwangu juani juu ya turubai hadi ukakauka kabisa, nikauacha unyeshewe na mvua za vuli ili chumvi itoke. Fundi mmoja wa jirani aliuomba kwa ajili ya zege. Nilimkatalia, kwa sababu chumvi inayobaki huozesha nondo ndani ya ukuta. Nilimpa autandaze chini ya kabro za uwani, ambako hakuna chuma, naye akautumia wote.